Kula Nje Masaki, Oysterbay na Msasani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wageni wa Dar es Salaam, na pia na wakazi wa miaka mingi wa Kimara, Tabata au Mbagala ambao hufika Rasi ya Msasani mara chache, kwa sherehe au kwa mwaliko. Sikuandika orodha ya kila mgahawa, kwa kuwa migahawa ya eneo hili hufunguliwa, hubadilisha wapishi na majina, na mingine hufungwa kabla hata haijazoeleka. Nimeandika zaidi kuhusu yale yanayodumu: pande mbili za bahari, saa, upepo, samaki, na heshima ya mteja kwa mfuko wake mwenyewe.

Eneo linalozungumziwa ni lipi hasa?

Ni rasi inayoelekea kaskazini, katika Kata ya Msasani, Manispaa ya Kinondoni. Oysterbay iko upande wa kusini mashariki, Masaki imeshika sehemu ya kaskazini hadi ncha ya rasi, na Msasani ya wavuvi iko upande wa magharibi, pamoja na mitaa yenye watu wengi kama Bonde la Mpunga. Wakati wa utawala wa Waingereza, Oysterbay ilipangwa kuwa makazi ya Wazungu. Baada ya uhuru nyumba zake zikakaliwa na viongozi na watumishi wakubwa wa Serikali, kisha zikaja balozi, mashirika, hoteli na maduka makubwa. Kijiji cha wavuvi hakikuondoka. Ndiyo maana katika rasi hiyohiyo mtu anaweza kula kambakochi kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na umbali mfupi tu kutoka hapo akanunua tasi wa kukaanga aliyefungwa kwenye karatasi.

Kwa mtu anayetafuta chakula, jambo la kwanza kulielewa ni kwamba rasi hii ina pwani mbili. Pwani ya mashariki, inayofuatwa na Barabara ya Toure, inatazama Bahari ya Hindi iliyo wazi. Pwani ya magharibi inatazama Ghuba ya Msasani, ambako maji yametulia na boti nyingi zimetia nanga. Katikati kuna barabara za Haile Selassie na Chole, na huko ndiko iliko migahawa mingi isiyoona maji kabisa. Mtu akikuambia "tukutane Masaki tule", muulize kwanza ni upande upi, maana jibu lake litaamua saa ya kufika, nguo za kuvaa na hata samaki wa kuagiza.

Nikitaka kula huku nikitazama jua likizama, niende wapi?

Nenda upande wa magharibi, kwenye ghuba. Watu wengi huenda Coco Beach jioni wakitarajia kuliona jua likiingia baharini, wakakuta linazama nyuma yao, juu ya nyumba na miti ya Oysterbay. Slipway, palipokuwa karakana ya boti kabla ya kugeuzwa kuwa kituo cha maduka na migahawa, panatazama magharibi moja kwa moja, na mgahawa wake wa Waterfront umepanga meza zake kandokando ya maji kwa sababu hiyohiyo. Mgahawa wa Cape Town Fish Market nao uko upande huo wa ghuba.

Kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu na ikweta, saa ya machweo haibadiliki sana: mwaka mzima jua huzama kati ya takribani saa 12:10 na saa 12:50 jioni, likichelewa zaidi mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari. Ukitaka meza ya mbele, fika saa 11 alasiri, uagize kinywaji, na uache chakula kisubiri kidogo. Anayefika saa 12:30 siku ya Jumamosi hupewa meza ya nyuma, na hapaswi kumlaumu mhudumu.

Siku za mwezi mpevu kuna raha nyingine ambayo wenyeji wengi hawaitumii. Jioni hiyo mwezi huchomoza mashariki karibu saa ileile ambayo jua linazama magharibi. Mtu anaweza kunywa chai au juisi upande wa ghuba, kisha akavuka rasi kwa bajaji na kula chakula cha usiku upande wa bahari kuu, mwezi ukiwa umepanda juu ya maji. Rasi ni nyembamba, na safari hiyo ni fupi kama barabara hazina foleni.

Kwa nini siku nyingine nikifika upande wa ghuba nakuta matope na mwani badala ya maji?

Umefika maji yakiwa yamekupwa. Wavuvi wa Msasani wanaijua kalenda hii bila kuiandika, na mla chakula naye anaweza kuitumia. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, maji hujaa sana kiasi cha saa 10 hadi saa 11, alfajiri na alasiri, kisha hukupwa sana saa 4 hadi saa 5, asubuhi na usiku. Kwa hiyo ukienda jioni ya bamvua utakuta ghuba imejaa, na ukienda kula kifungua kinywa siku hiyohiyo utakuta maji yamekwenda mbali, na harufu ya mwani imekuja hadi mezani. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na jioni huwa maji yako chini kwa kiasi kisichoudhi. Upande wa mashariki, kupwa hufunua miamba, na watoto huokota makome. Kwa mtu aliyekaa juu kwenye mwamba, mandhari haiharibiki.

Mgeni mwenye siku moja tu aende wapi?

Ningemshauri ale mara mbili, mchana mashariki na jioni magharibi. Mchana aende Karambezi Café, kwenye Hoteli ya Sea Cliff iliyo karibu na ncha ya rasi. Meza zake ziko kwenye baraza lililo wazi juu ya jabali, na bahari iko chini yake. Watu wengi hupenda kwenda huko usiku, lakini usiku bahari hiyo ni giza tupu na sauti ya mawimbi. Rangi ya maji, majahazi na upepo, ambavyo ndivyo hasa vilivyokuleta, huvipata mchana. Jioni ashuke Slipway au sehemu nyingine yoyote ya ghuba.

Kama bado ana nafasi tumboni, kabla ya kulala apite Coco Beach. Mtu aliyekula Masaki bila kufika Coco Beach amekula nusu tu ya eneo hili, na nalisema hilo kwa dhati.

Niagize samaki gani, na aandaliwe vipi?

Swali hili ndilo linalostahili muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa samaki ndiye sababu ya kula kando ya bahari, na kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi kwa kuagiza kwa mazoea.

Changu ni samaki wa miamba mwenye nyama nyeupe iliyoshikana, na anafaa kuchomwa au kukaangwa mzima. Tasi ni mdogo, mtamu sana, ana miiba ya kuangalia, na uzuri wake huonekana akikaangwa mkavu, akaliwa kwa mkono pamoja na ndimu na chumvi. Chewa ana nyama nene na laini, anavumilia mchuzi wa nazi na hata kupikwa muda mrefu. Kolekole na nguru hukatwa vipande. Nguru ni mzuri kwa kuchoma lakini hukauka haraka, hivyo mwombe mpishi asimwache motoni mno. Jodari huliwa vizuri akiwa hajaiva sana katikati. Mpishi anayekuletea jodari mkavu aliyeiva hadi ndani amemharibu, hata kama sahani imepambwa kwa majani mengi. Pweza huhitaji kulainishwa kabla ya kuchomwa, na sehemu inayokuletea pweza anayetafunika bila shida ina jiko lenye watu wanaojua kazi.

Samaki wa kupaka, yaani aliyechomwa huku akipakwa tui zito lenye viungo na ukwaju, ndiye ningemtaja kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kula vyakula vya pwani. Si kila mgahawa mkubwa unamweka kwenye menyu. Hata hivyo wapishi wengi wa eneo hili wametoka Tanga, Bagamoyo, Zanzibar na Kilwa, na ukimwomba mhudumu kwa adabu, mapema, jiko likiwa halijaelemewa, mara nyingi unaandaliwa. Usiombe saa 2 usiku siku ya Ijumaa.

Kuhusu msimu, upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, vyombo vidogo hushindwa kwenda mbali, na samaki wa maji makuu hupungua na kupanda bei. Kaskazi inapoingia, kuanzia Novemba na kuendelea, bahari hutulia na mzigo huongezeka. Aidha, dagaa na samaki wengine wanaovuliwa usiku kwa taa huadimika siku za mwezi mpevu, kwa kuwa mwanga wa taa haufanyi kazi mbingu ikiwa nyeupe. Mgahawa unaokuwa na aina zilezile za samaki kila siku ya mwaka unatumia samaki wa barafu. Hilo si kosa, mradi useme ukweli na bei yake isilingane na ya samaki aliyeshushwa asubuhi.

Nitajuaje kwamba samaki ni mbichi kweli?

Omba kumwona kabla hajapikwa. Migahawa inayouza samaki mzima kwa uzito imezoea ombi hili, na mhudumu hukuletea sinia lenye samaki wawili watatu juu ya barafu. Tazama macho kwanza: yawe yamejaa na yanang'aa, yasiwe yamebonyea na kuingia ukungu. Kisha mwombe mhudumu afunue shavu. Matamvua yaliyo ndani yawe mekundu, kwa kuwa yakigeuka kahawia au kijivu samaki huyo amekaa. Bonyeza nyama kwa kidole karibu na mgongo. Ikirudi haraka, ni mbichi. Mwisho, nusa. Samaki mbichi ananuka bahari, hanuki "samaki".

Hapohapo, kabla sinia halijarudi jikoni, uliza uzito wake na bei ya jumla kwa shilingi, wala si bei ya kilo peke yake. Malalamiko mengi niliyoyasikia kuhusu bili za eneo hili yalianza kwa mteja kukubali "bei kwa uzito" na kuuona uzito huo kwa mara ya kwanza kwenye bili. Mhudumu mzuri hukutajia mwenyewe. Asipokutajia, muulize bila haya. Aliyekaa meza ya jirani mwenye gari kubwa naye ameuliza.

Je, lazima niwe na fedha nyingi ili kula hapa?

Hapana. Katika migahawa ya mahoteli na ile ya kando ya maji, chakula kikuu cha mtu mmoja kwa kawaida huvuka shilingi 30,000, na ukiongeza kinywaji na kitu kitamu cha mwisho bili ya watu wawili huwa kubwa. Lakini pwani ya eneo hili si mali ya migahawa hiyo peke yake.

Coco Beach ni ufukwe wa umma. Jioni, hasa mwisho wa wiki, vibanda vyake hujaa familia kutoka kila pembe ya jiji, na chakula kinachotambulisha mahali hapo ni mihogo. Kaa karibu na karai utazame kazi. Mhogo umemenywa, umekatwa vipande virefu na kuoshwa. Muuzaji huutia kwenye mafuta yanayochemka, akiugeuza kwa mwiko wenye matundu hadi kingo zianze kupasuka na kupata rangi ya dhahabu. Akiutoa, huuchuja, huupasua katikati ili mvuke utoke, hunyunyizia chumvi, kisha huweka kachumbari na chachandu juu yake. Mhogo mzuri ni mkavu nje na wa unga ndani. Ukiona wenye nyuzinyuzi au wenye kung'aa kwa mafuta ndani, hamia kibanda cha pili. Pembeni yake kuna mishikaki juu ya mkaa, pweza, ndizi za kuchoma, madafu na juisi ya miwa. Noti ya shilingi 10,000 inaweza kuwashibisha watu wawili kwa mihogo na mishikaki michache, mkiwa mmeketi mbele ya bahari ileile inayotazamwa na wageni wa hoteli.

Msasani ya wavuvi ni njia nyingine. Vyombo vinapofika ufukweni, samaki huuzwa kwa mnada hapohapo, na kina mama wakaangaji hununua sehemu yake na kuikaanga karibu na soko. Ukienda huko, nenda kwa heshima: salimia, usipige picha za watu bila kuomba, na usidhani kila bei uliyotajiwa imeongezwa kwa sababu yako.

Kisha kuna mama lishe. Masaki inajengwa kila siku, na inalindwa usiku na mchana, hivyo mafundi na walinzi wanahitaji kula. Mchana, kwenye vichochoro vilivyo karibu na majengo yanayojengwa na katika mitaa ya Bonde la Mpunga, utakuta wali kwa maharage na mchicha, ugali na samaki wa mchuzi, pilau siku ya Ijumaa. Fika kabla ya saa 8 mchana, kwa sababu sufuria zikiisha zimeisha. Ninauheshimu sana upishi huu. Chakula hupikwa asubuhi ileile, kwa idadi ya watu inayojulikana, na hakilali.

Mbali na samaki na vyakula vya pwani, kuna nini?

Kuna mengi, kwa kuwa wakazi wa eneo hili wametoka nchi nyingi. Épi d'Or, kwenye Barabara ya Haile Selassie, ni mkahawa wenye mikate na keki za kuoka pamoja na vyakula vya Kilebanoni, na unafaa kwa kifungua kinywa au mkutano wa kazi. Vyakula vya Kiitaliano, Kihindi, Kichina na Kijapani vinapatikana katika barabara za katikati na mahotelini. Kwa chakula cha Kihabeshi, wakazi wengi hutoka nje kidogo ya rasi hadi Addis in Dar, upande wa Regent Estate, ambako injera huletwa kwenye sinia moja na watu hula pamoja kwa mkono. Kwa Mswahili aliyezoea sinia la pilau, mlo huo haumtii ugeni.

Ushauri wangu kwa vyakula vya kigeni ni kuchagua sehemu yenye menyu fupi. Jiko linaloahidi piza, biriani, sushi na nyama choma kwa pamoja mara chache hutenda haki kwa vyote vinne.

Je, chakula ni halali, na mwezi wa Ramadhani huwaje?

Migahawa mingi ya Dar es Salaam hununua nyama iliyochinjwa kihalali, lakini eneo hili lina sehemu zinazouza nyama ya nguruwe na pombe, hivyo haifai kudhani. Uliza mambo mawili: nyama inatoka wapi, na je, kitimoto hupikwa kwenye jiko na vyombo vilevile? Swali hili ni la kawaida, na mhudumu anayelikasirikia hakufunzwa.

Wakati wa Ramadhani, migahawa mingi ya Masaki huendelea kufungua mchana, tofauti na ile ya Kariakoo au Ilala, ambayo mingi hupumzika hadi jioni. Mahoteli huandaa futari kwa mtindo wa bufe, yenye tende, uji, kaimati, viazi vitamu na mihogo ya nazi. Hizo hujaa, hasa kumi la mwisho, na ni lazima kuweka nafasi. Anayefunga afike dakika kadhaa kabla ya adhana ya magharibi, kwa kuwa foleni ya barabarani saa hiyo haina huruma.

Malipo yakoje?

Bei inapaswa kutajwa kwa shilingi. Zamani baadhi ya menyu za eneo hili zilikuwa na bei za dola. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zimekataza kutangaza na kudai bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Migahawa mikubwa hupokea kadi za benki, na karibu kila sehemu, hadi vibanda vya Coco Beach, ina Lipa Namba ya mtandao mmoja au zaidi wa simu. Hata hivyo beba fedha taslimu kidogo, kwa sababu mtandao huweza kukatika usiku ule ule ulioleta wageni.

Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18. Katika migahawa mingi kodi hiyo imeshaingizwa kwenye bei unayoiona, lakini soma maandishi madogo chini ya menyu, kwa kuwa baadhi huongeza kodi au ada ya huduma mwishoni. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, na risiti hiyo ndiyo ushahidi wako kama kuna kosa kwenye hesabu.

Bakshishi si lazima. Pale ambapo ada ya huduma haikuongezwa na umehudumiwa vizuri, asilimia 5 hadi 10 ni ya kiungwana, na ni bora kuikabidhi mkononi mwa mhudumu, kwa siri na kwa neno la shukrani.

Je, nahitaji kuweka nafasi, na nivae nini?

Jumatatu hadi Alhamisi mara nyingi si lazima. Ijumaa na Jumamosi usiku, Jumapili mchana, sikukuu na tarehe 14 Februari, piga simu siku moja au mbili kabla, na utaje waziwazi kwamba unataka meza ya kando ya maji, la sivyo utapewa yoyote. Kuhusu mavazi, eneo lote ni la nguo nadhifu za kawaida. Kanzu, baibui, kitenge, shati na suruali vyote vinakubalika. Baadhi ya kumbi za usiku hukataa kandambili na kaptura kwa wanaume.

Nitafikaje, na nitaegesha wapi?

Kutoka katikati ya jiji, njia nzuri kuliko zote ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Lina urefu wa takribani kilomita moja juu ya maji na linatoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi karibu na Coco Beach. Njia ya zamani ya Daraja la Selander bado ipo, lakini foleni yake ya jioni inajulikana. Anayetoka Mwenge au Mikocheni huingia upande wa Msasani, na anapaswa kuziepuka saa 11 hadi saa 1 jioni kama anaweza.

Daladala zinazoishia Masaki na Msasani zipo, ila usiku hupungua mapema; kwa kurudi, panga bajaji au teksi ya kuitwa kwa simu. Migahawa ya hoteli na Slipway ina maegesho yenye walinzi. Coco Beach mwisho wa wiki nafasi hubana, na gari lililozuiwa na mengine matatu litasubiri hadi wenyewe watakaposhiba. Anayekunywa pombe asiendeshe.

Nina watoto na mzee asiyeweza kupanda ngazi. Wapi panafaa?

Slipway ni rahisi kwa wote wawili, kwa kuwa watoto wana nafasi ya kutembea na aiskrimu iko karibu, na sehemu kubwa yake ni tambarare. Sehemu zilizo juu ya jabali nyingi zina ngazi, hivyo ulizia unapoweka nafasi. Coco Beach watoto huipenda mno, lakini kuna mawimbi na miamba, na upande huo bahari iko wazi. Mtu mzima mmoja awe macho juu yao wakati wengine wanakula.

Kuna la kujihadhari kuhusu hewa, mvua na mbu?

Masika, Machi hadi Mei, meza za nje huhamishwa ghafla, na baadhi ya barabara za Msasani hujaa maji. Wakati wa kusi, upande wa mashariki huwa na upepo wenye nguvu jioni. Beba mtandio au koti jepesi, au hamia upande wa ghuba, ambako rasi yenyewe hukukinga. Mbu hutoka giza linapoingia. Migahawa mingi ina dawa ya kupaka. Iombe mapema, kabla ya kuanza kujikuna.

Naweza kubeba chakula kilichobaki?

Ndiyo, na hakuna aibu. Kumbuka tu kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, hivyo utapewa boksi au mfuko mbadala, wakati mwingine kwa malipo madogo. Samaki wa nazi asikae kwenye gari lenye joto. Kama unaendelea na matembezi, mwachie mtu atakayemla usiku huohuo.

Nimesikia watu hula samaki kisiwani Bongoyo. Inawezekanaje?

Boti huondoka Slipway mchana kwenda Bongoyo, kisiwa kilicho ndani ya Hifadhi za Bahari za Dar es Salaam, na safari huchukua kama nusu saa. Utalipa nauli ya boti pamoja na ada ya hifadhi, na ada hiyo kwa Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Kisiwani kuna wapishi wachache wanaochoma samaki na pweza, wanaoleta chipsi, soda na bia. Kosa la wengi ni kuogelea kwanza na kuagiza wakishaona njaa. Moto ni mdogo, wateja ni wengi, na samaki mzima huchukua muda. Agiza mara tu unaposhuka botini, mchague samaki wako kwa macho na matamvua kama ilivyoelezwa hapo juu, mkubaliane bei, ndipo uingie majini. Muulize nahodha boti ya mwisho inarudi saa ngapi, na wakati wa kusi kali muulize pia kama hali ya bahari inaruhusu kwenda. Akisema hapana, mkubalie, kisha mkale Coco Beach.